Maji ya Mwanza hayachemki kwa nyuzi 100

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimsemee mwalimu wangu wa fizikia, ambaye sasa ni mstaafu. Jina lake nalihifadhi, maana hajanituma.

Tukiwa kidato cha pili alitupa kipimajoto, sufuria na jiko la mafuta ya taa, tuchemshe maji. Kitabu kilisema nyuzi 100. Kipimajoto kikafika 96 kikagoma. Tukapandisha utambi, wapi! Mimi ndiye niliyekuwa naandika matokeo ya kundi, nikaandika 100, nani abishane na kitabu? Mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu, akaniuliza hiyo 100 nimeiona wapi. Kisha akatutoa nje, akatuonyesha ziwa. Uso wa ziwa lile, akasema, uko zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari. Hewa inayokandamiza maji huku kwetu ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo maji hayana sababu ya kungoja 100. Kundi zima tulipata sifuri, si kwa kukosea bali kwa kudanganya.

Siku nyingine alikuja na konokono ndani ya kopo, kawachuma kwenye magugu ya ufukweni akiwa amevaa glavu. Akawaweka kwenye glasi ya maji juani. Muda si mrefu, kwa lenzi ya mkono, tukaona vijidudu vya kichocho vinaogelea. Tangu hapo sijatia mguu ziwani, na ndugu zangu wavuvi wananicheka mpaka leo.

Alifundisha zaidi ya miaka 30. Mtaala wa sekondari ulipobadilishwa mwaka 2005 ili mwanafunzi ajenge ujuzi badala ya kukariri, naye aliitwa kutoa maoni kuhusu mihtasari. Ukimuuliza alipigania nini huko, anakutajia maneno matatu tu: "au kifaa mbadala". Alijua shule nyingi za kata zingefunguliwa bila bika hata moja ya maabara.

Leo yuko Buswelu anafuga kuku. Mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika tangu Januari 2024, na sisi walimu tunakutana kwenye MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kunoana. Kikao cha mwisho nilichohudhuria mada ilikuwa kutumia mazingira kufundishia sayansi. Tuliisoma kwenye vishikwambi, saa mbili nzima, hakuna aliyenyanyua hata jani. Na mzee yuko mwendo wa daladala moja!

Ombi langu kwa waratibu wetu wa Ilemela na Nyamagana ni dogo: waiteni wastaafu wa sayansi, hata mara moja kwa muhula. Nauli na chai vinatosha. Najua wapo watakaosema wazee hao watarudi na fimbo zao. Ni kweli, huyu wangu alichapa, na hilo sitaki lirudi. Lakini fimbo anaweza kuiacha nyumbani.

Maandalio yake ya masomo yako kwenye madaftari ya kaunta, ndani ya boksi, stoo, chini ya gunia la pumba. Nilipokwenda kumjulia hali Jumapili iliyopita, mchwa walikuwa wameshamaliza la kidato cha kwanza.

Mwalimu wa sekondari,
Ilemela, Mwanza