Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2018

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka anazo mhazini, na mahudhurio ya mafunzo yamo kwenye kumbukumbu za katibu. Sitayarudia hapa. Nafasi hii naitumia kwa jambo lililotawala vikao vya kamati tangu Oktoba: ndege ya kivita aina ya F-16 ya Ubelgiji iliyoteketea ikiwa imeegeshwa.

Tarehe 11 Oktoba, katika kambi ya anga ya Florennes, F-16 moja ilikuwa ikifanyiwa matengenezo mzinga wake ulipofyatuka kwa bahati mbaya. Risasi ziliipata ndege nyingine, FA-128, iliyokwisha kujazwa mafuta tayari kwa safari ya mchana. Ikalipuka na kuungua. Ndege ya tatu iliharibika, na watu wawili walitibiwa masikio. Hakuna aliyekufa, na kwa aina hii ya ajali hiyo ni bahati kubwa.

Mzinga huo ni M61A1 Vulcan: mitutu sita, milimita 20, risasi 6000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde. Ghala lake ndani ya F-16 hubeba risasi 511. Kidole kikigusa kifyatulio nusu sekunde, makumi ya risasi yameshatoka kabla mtu hajashtuka. Mitutu huzungushwa na haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yenye shinikizo, na risasi huwashwa kwa umeme, si kwa kugongwa. Kwa hiyo kuna vitu viwili vya kukata, shinikizo na mkondo wa umeme. Anayekata kimoja akaridhika amebakiza kinga moja tu.

Ndege za kivita huwa na swichi inayohisi uzito kwenye magurudumu na kuzuia silaha zisifyatuke chini. Rubani anaitegemea. Fundi hawezi kuitegemea vivyo hivyo, maana baadhi ya vipimo havifanyiki bila kuivuka, hivyo kinga hiyo huondolewa na yeye mwenyewe aliyesimama karibu na mtutu. Ndiyo maana utaratibu huanza na risasi: zitolewe kwanza, ghala na vyumba vya mitutu vikaguliwe kwa macho na mtu wa pili, pini ya usalama iingizwe, plagi ya kufyatulia ichomolewe. Hapo ndipo jenereta ya nje na mtambo wa haidroliki vinaunganishwa. Mara nyingi mambo huharibika zamu inapobadilishana: anayeingia anakuta fomu imesainiwa, anaamini karatasi, hafungui kifuniko kuangalia.

Kikaoni iliulizwa kama Florennes si tukio la nadra tu lisilostahili kubadilishiwa kanuni. Kamati haikukubali. Tarehe 29 Julai 1967, kwenye Forrestal, manowari ya Marekani ya kubebea ndege, katika Ghuba ya Tonkin karibu na Vietnam, roketi ya Zuni ilichomoka kwenye ndege ya kivita aina ya Phantom iliyoegeshwa, rubani alipohamisha umeme kutoka chanzo cha nje kwenda cha ndani. Pini ilikuwa haipo mahali pake, na waya wa roketi ulikuwa umeshaunganishwa, ilhali kazi hiyo ilipaswa kusubiri hadi ndege ifike kwenye mtambo wa kuirusha. Waliuunganisha mapema ili kuokoa muda. Roketi ikapasua tangi la mafuta la ndege aina ya Skyhawk upande wa pili wa sitaha, na moto ukawaka. Bomu la kwanza lililipuka baada ya dakika moja na nusu hivi na kuua wazima moto waliofunzwa. Waliobaki wakamwaga maji ya bahari juu ya povu la kuzimia moto la wenzao na kulisafisha. Watu 134 walikufa, ndege 21 zikapotea.

Katika ajali zote mbili silaha ilielekea ndege yenye mafuta. Pini husahaulika na swichi huvukwa, lakini mtutu unaotazama tuta la udongo hauchomi ndege ya jirani hata kinga zote zikishindwa. Kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko fomu yoyote tuliyoongeza mwaka huu, japo najua maegesho yakiwa finyu ndilo la kwanza kuachwa.

Kamati inaomba mkutano mkuu upitishe nyongeza tatu kwenye orodha ya ukaguzi: mwelekeo wa pua ya ndege uandikwe kabla ya umeme kuunganishwa, ndege yenye risasi isifanyiwe kazi ya umeme wa silaha, na zamu inayoingia irudie ukaguzi wa macho badala ya kurithi saini. Wanaohudumia viti vya kumrushia rubani nje ya ndege wameomba kanuni ya tatu iwahusu pia, nasi tumekubali. Marekebisho ya maneno yamfikie katibu kwa maandishi kabla ya mkutano.

Mwenyekiti