Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Mandara, Ada na Mahudhurio

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha walimu wastaafu wa hiari hapa Moshi kwa mwaka uliopita. Shughuli za kawaida mnazifahamu. Tumewazika wenzetu wawili, tumewatembelea wagonjwa, tumeendelea kuwafundisha hisabati watoto wa darasa la saba kila Jumamosi, na miche ya miparachichi imegawiwa kwa wote waliofika kuichukua. Kamati ilikutana mara kumi na moja, na vikao vyote niliviendesha mwenyewe bila posho.

Jambo linalohitaji maelezo marefu ni safari ya Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, kwa kuwa maneno yamekuwa mengi, na mengine yamesemwa msibani, mahali ambapo mwenyekiti hawezi kusimama akajibu.

Ndugu zetu wanaopinga wanasema shilingi 1,750,000 zilizotoka kwenye akiba zingenunua viti vya plastiki na turubai, tukavikodisha kwenye harusi na misiba, nacho chama kikapata kipato. Naielewa hoja hiyo, kwa sababu mkupuo, yaani sehemu ya pensheni tunayolipwa kwa mara moja tunapostaafu, wa asilimia 33 uliowekwa mwaka 2022, hata baada ya kupandishwa mwaka 2024, kwa wengi wetu uliishia kwenye bati, karo za watoto na madeni. Hata hivyo, wakodishaji wa maturubai mjini hapa ni wengi kuliko harusi zenyewe, na hakuna aliyejitolea stoo ya kuhifadhia vifaa hivyo wala gari la kuvibebea.

Kuhusu madai kwamba niliamua peke yangu, kumbukumbu za vikao zipo. Mkutano mkuu uliitishwa Machi na tena Mei. Akidi ni wanachama 24. Mara ya kwanza walifika 17, mara ya pili 13. Katiba inairuhusu kamati kuamua pale akidi inapokosekana mara mbili mfululizo, na wajumbe sita kati ya tisa waliunga mkono safari. Nasikitika kwamba waliopaza sauti zaidi baadaye hawakuwepo katika mkutano wowote kati ya hiyo miwili.

Naomba pia nieleze kilichonisukuma. Sisi tuliomba kuondoka kazini tukiwa na miaka 55, mitano kabla ya ile 60 ya lazima, na kila mmoja wetu aliaga akisema anakwenda kuishi maisha yake akiwa bado na nguvu. Baada ya hapo mtu aliyezoea kengele na kelele za wanafunzi hujikuta nyumbani peke yake saa nne asubuhi, watoto wako mbali, na wenzake wa ofisi ya walimu hukutana nao makaburini tu. Mmoja wa wenzetu tuliowazika mwaka huu aliugua wiki saba bila yeyote kati yetu kujua. Tulipata habari zake kwa tangazo la msiba. Jambo hilo lilinikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya nipeleke pendekezo la safari kwenye kamati.

Tulikuwa watu 28 kwenye lango la Marangu. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kwa kumwongoza mlimani Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, lakini wengi wetu, tuliozaliwa chini ya mlima huohuo, hatukuwahi kuvuka lango lile. Mwenzetu mmoja alifundisha jiografia kwa miaka 29, akauchora Kilimanjaro ubaoni kwa chaki na kuandika mita 5,895 mbele ya mamia ya watoto, na siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuukanyaga. Katikati ya msitu alisimama, akavua kofia, akashika yale majani ya kijivu yanayoning'inia matawini kama ndevu, akayapitisha vidoleni taratibu bila kusema neno, huku mbega wakiruka juu yetu. Tulimsubiri. Tulifika Mandara, mita 2,720, sote 28, kwa sababu waliokuwa na magoti mabovu walibebewa mizigo na wenzao. Chapati na ndizi zililiwa pamoja kwenye ngazi za vibanda vya mbao.

Tangu siku ile wanachama kumi na mmoja hutembea pamoja kila Jumatano asubuhi. Mwezi wa Septemba mwenzao mmoja alikosa Jumatano mbili, wakamfuata nyumbani, wakamkuta amelala hoi kwa presha, wakampeleka hospitali siku hiyohiyo. Leo ameketi nasi humu ukumbini. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali kwamba safari ilikuwa na faida gani.

Kwa upande wa fedha, tulianza mwaka na shilingi 2,960,000 na tukakusanya ada 3,335,000. Rambirambi na matibabu vilichukua 1,800,000, miche 240,000, na safari kiasi nilichokitaja, hivyo salio ni 2,505,000. Kati ya wanachama 47, waliomaliza ada ni 21, waliolipa sehemu ni 14, na 12 hawajalipa hata mwezi mmoja. Tunadaiana 2,305,000, kiasi kinachozidi gharama ya safari inayolalamikiwa. Stakabadhi zote anazo mhazini, na nimewaalika wanaotilia shaka waje kuzikagua. Mpaka leo hajaja mtu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuitembelea milima ya Usambara, kuongeza masomo ya Jumamosi na kulitazama upya suala la viti endapo fedha zitaruhusu. Wenye madeni wanaombwa kumwona mhazini kabla ya kuondoka ukumbini. Daftari la watembeaji wa Jumatano liko kwa katibu, na ukurasa wake wa pili bado uko wazi.

Mwenyekiti