Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nzi wa Matunda na Jenetiki ya Saratani

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliazimia kwamba sehemu kubwa ya ada zetu itumike kujifunza na kufundisha jenetiki ya saratani kwa kutumia nzi wa matunda. Baadhi yenu mliuliza, na mlikuwa na haki ya kuuliza, iweje chama cha walimu na mafundi wa maabara kigharimie ufugaji wa wadudu ilhali wagonjwa wamejaa hospitalini. Taarifa hii inalenga kulijibu swali hilo.

Nzi ninayemzungumzia si yule mharibifu anayewatia hasara wakulima wa maembe. Ni Drosophila melanogaster, kijidudu cha milimita 3 hivi kinachozengea ndizi zilizoiva kupita kiasi. Asili yake ni Afrika, na huko Zimbabwe watafiti wamemkuta porini kwenye matunda ya mng'ongo, ingawa sifa alizipatia New York, mikononi mwa mwanajenetiki Thomas Hunt Morgan, kuanzia mwaka 1910. Ana jozi 4 tu za kromosomu na jeni zipatazo 14,000, na katika nyuzijoto 25 hutoka kwenye yai hadi kuwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina mwenzake ndani ya nzi huyu.

Katika mijadala yetu, jambo lililochukua muda mrefu zaidi ni jeni iitwayo lgl, ambayo kwa kawaida huzuia tishu zisikue kupita kiasi. Buu aliyeipoteza huchelewa kuwa pupa, huku ubongo wake na vifuko vinavyopaswa kuwa mabawa vikiendelea kukua bila mpangilio. Watafiti Elisabeth Gateff na Howard Schneiderman walipandikiza vipande vya tishu hizo tumboni mwa nzi wazima, vikakua na kuwaua. Hivyo ilidhihirika kwamba kupotea kwa jeni moja kunaweza kuzaa uvimbe hatari, miaka mingi kabla ya jeni ya retinoblastoma (saratani ya jicho ya watoto) ya binadamu kutengwa mwaka 1986.

Mwaka 2003 ilionekana hatua ya pili. Seli zenye jeni ya Ras, inayoziamuru seli kukua, ikiwa imewashwa bila kuzimika, huvimba lakini hubaki mahali pake. Zile zilizopoteza jeni ya scribble peke yake, ambayo hutunza mpangilio wa seli, aghalabu huondolewa na majirani zake. Lakini kasoro hizo mbili zikikutana katika seli ileile, uvimbe huvamia hadi kwenye neva. Kwa kuwa ngozi ya buu hupitisha mwanga, seli zilizotiwa rangi ya kijani huonekana kwa darubini zikihama, naye buu bado yu hai. Kwa maoni yangu, hakuna somo linalomwonyesha mwanafunzi waziwazi zaidi jinsi jeni zinavyoshirikiana kuleta saratani.

Faida imewafikia wagonjwa pia. Jeni ya patched, iliyojulikana kwanza kwa nzi, iligunduliwa mwaka 1996 kuwa ndiyo iliyoharibika katika aina moja ya saratani ya ngozi, na mwaka 2012 Marekani iliidhinisha dawa ya vismodegib inayozuia njia ya mawasiliano ya seli ambayo jeni hiyo huidhibiti. Hata hivyo, naomba tusipige chuku. Nzi hana kingamwili wala mishipa ya damu kama yetu, kwa hiyo kuna mengi asiyoweza kutufundisha. Mwaka 2019 watafiti wa New York walieleza habari za mgonjwa mmoja wa saratani ya utumbo mpana aliyepewa dawa mbili zilizochaguliwa kwa kutumia nzi waliobebeshwa kasoro 9 za uvimbe wake. Uvimbe ulipungua, akatulia kwa miezi 11, kisha ugonjwa ukakaidi dawa. Habari hiyo inatia moyo, lakini mgonjwa mmoja hatoshi kuthibitisha tiba.

Kuhusu ufugaji, chakula hakitusumbui: ni uji wa unga wa mahindi, sukari, hamira na agari (kigandishi kitokanacho na mwani), vichupa vikizibwa kwa pamba. Kinachotusumbua ni joto. Umeme ulipokatika msimu wa kiangazi chumba kilipita nyuzijoto 30, madume yakawa tasa na nasaba moja (ukoo wa nzi wenye kasoro fulani ya jeni) ikatoweka. Kamati inapendekeza kila nasaba itunzwe katika vituo viwili, na tununue kabati la kudhibiti joto lenye betri. Aidha, inapendekeza tuwasiliane na mtandao wa DrosAfrica, ambao umekwisha kuendesha mafunzo ya nzi hawa huko Ishaka, Uganda, ili mafundi wetu wapate nafasi.

Mapendekezo haya yatapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti