Shukrani kwa fundi redio wa Kariakoo

Shikamoo mzee wangu. Jina lako siliandiki, maana ulinikataza, lakini kunyamaza nimeshindwa.

Nilikuja mezani kwako kununua risasi ya kulehemu, mkononi nina daftari la kujiandaa na usaili wa polisi, upande wa mawasiliano ya redio. Ukaona nimekwama kwenye urefu wa wimbi. Ukasema gawanya 300 kwa masafa ya megahezi: redio ya VHF, yaani ya masafa ya juu sana, ya megahezi 150, wimbi lake ni mita 2, na antena ya robo wimbi ni nusu mita. Halafu ukakata waya wa sentimita 50 ukanishikisha. Miezi yote nilikuwa nakariri tu!

Jioni ngapi umenifungulia redio mbovu? Ukanifundisha kupima betri ikiwa kazini, kwa kuwa iliyochoka huonyesha volti 12 vizuri kabisa, kisha huporomoka ukibonyeza kitufe cha kuongea. Hela ulikataa, ukapokea chai tu.

Usaili nimeshafanya, majibu bado. Swali la antena lilikuwepo, baba. Ule waya ninao mpaka leo. Asante sana.