Kwa mpwa wangu anayetaka mabawa

Mpwa wangu,

Mama yako alinipigia Jumapili, sauti imemshuka kama yuko matangani. "Huyu mtoto wako anataka jeshi, tena la ndege." Nilicheka kidogo. Mimi nilipojiunga hapa Marekani hakuna aliyelia. Wote waliomba picha nikiwa na magwanda.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa na shahada mkononi na grini kadi mfukoni, nikaingia ofisi ya kwanza niliyoiona na kutia sahihi. Sikudanganywa, sikuuliza tu. Mwenye grini kadi anaweza kuwa askari wa kawaida, ila uafisa unataka uraia. Ningengoja. Badala yake nilishika spana miaka minne, vijana niliowazidi umri wakipanda ndege nilizozikaza mimi.

Wewe umezaliwa Dallas, kwa hiyo kikwazo hicho huna. Mlango usiokuwa wako bado unaweza kuuingia, maana Jeshi la Anga lina waandikishaji wa maafisa mbali na wale wa askari. Taja uafisa kabla hujakaa kitini.

Safari yenyewe: mtihani wa AFOQT, ule wa kuchuja wanaotaka uafisa wa Jeshi la Anga, kisha shule ya maafisa kwenye kambi ya Maxwell, Montgomery, Alabama, unatoka Luteni-usu. (Ukipata wikendi, nenda Tuskegee, si mbali. Machi 1942 marubani Weusi watano wa kwanza wa jeshi hili walipata mabawa, yaani beji ya urubani, huko. Mimi nilisimama pale uwanjani nikakosa la kusema.) Halafu shule ya urubani, ambako utapitia ndege ya mafunzo iitwayo T-6 Texan II.

Sasa penye mtego. Deni la rubani, yaani muda unaolazimika kulitumikia jeshi, ni miaka 10, na haihesabiwi tangu kiapo. Inahesabiwa tangu siku ya mabawa. Ukiyapata na miaka 25, uko huru ukiwa na 35. Huyo binti unayemficha mama yako ameshaambiwa hesabu hii?

Na ukikwama shuleni, ukashindwa kuruka? Cheo hakifutiki hapo hapo. Wanaweza kukupangia kazi nyingine kabisa, ofisini, mbali na injini yoyote, nawe utaitumikia. Ndiyo maana nakuuliza kama unataka kuongoza watu, au unataka ndege tu. Kama ni ndege tu, kuna Jeshi la Nchi Kavu, ambako warrant officer, afisa wa ngazi ya ufundi, hurusha helikopta hata bila shahada, na kuruka ndiyo kazi yake hasa. Usiwadharau. Niliwaona wakitua penye vumbi ambapo mimi nisingeegesha hata gari.

Lakini yote haya ni maneno mpaka daktari aseme. Miwani si lazima ikutoe, ila macho yasiyotofautisha rangi hayana mjadala. Nawe una ile pumu ya utotoni. Usiifiche hata mtu akikunong'oneza kwamba haitajulikana. Rekodi za hospitali huvutwa. Swali lao kubwa ni kama ilikurudia baada ya kutimiza miaka 13. Ikiwa ndiyo, utahitaji kibali maalumu. Mimi sikumbuki, na wewe ulikuwa mtoto.

Basi mpigie mama yako. Mambo ya ndege yaache kwanza. Muulize kipuliziaji cha mwisho alikununulia lini.

Mjomba wako