Uzi wa kijani na manjano usikatwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi umeme wetu wa Pemba, na wenzangu tunaochoma mikate majumbani.

Miaka yote nimechoma mkate wa mayai kwa makaa, moto juu, moto chini. Shaabani iliyopita mwanangu aliniletea kutoka Unguja oveni ya umeme ya mtumba, nzito, wanaume wawili waliishusha. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili ya mviringo, na soketi zetu ni za matundu matatu. Fundi akaikata, akatia plagi nyingine. Ndani ya waya mlikuwa na nyuzi tatu: ya kahawia, ya buluu, na ya kijani yenye mstari wa manjano. Hii ya tatu akaikata kwa koleo. "Haina kazi hii, bi mkubwa, soketi yako haina ethi." Oveni ikawaka. Nikamlipa, nikamwombea dua.

Siku ya tatu, mikono mibichi, niko pekupeku juu ya saruji yenye maji, nikashika mlango wa oveni nitazame mkate. Umeme ulinipiga mpaka kiwikoni, nikaangukia mbuzi ya kukunia nazi. Mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa nyuma yangu, naye kila nikichoma huja kuchungulia kwenye kile kioo. Nikilikumbuka hilo usingizi hauji.

Nilimwita mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Alipogusisha tasta kwenye bati la oveni, kitaa chake kiliwaka. Akanieleza kuwa koili ya oveni, ile sehemu inayopata moto, ikikaa muda bila kutumika huvuta unyevu, khasa kwa hewa yetu hii ya bahari, umeme ukavujia kwenye bodi, yaani bati lake la nje. Uzi wa kijani na manjano ndio ethi, njia ya umeme huo kwenda ardhini. Ukikatwa, umeme unabaki kwenye bati mpaka mtu aguse.

Wengine hata plagi hawabadili. Hutia ncha ya kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili yale mawili ya chini yafunguke, wakachomeka miguu miwili. Tundu hilo la juu ndilo la ethi!

Mzee alivuta laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la breka, zile swichi zinazojikata umeme ukizidi: waya wa milimita 4, breka ya ampea 20, na swichi ukutani ninayoifikia bila ya kupitisha mkono juu ya oveni. Mgongoni mwa oveni imeandikwa wati 2,800. Gawa kwa volti 230, ni ampea 12 na ushei. Mwanzo oveni ilikuwa soketi moja na birika la umeme, na plagi ilishaanza kugeuka rangi kwa moto.

Kisha akapigilia fimbo ya shaba nyuma ya bafu, ambako ardhi haikauki. Nikadhani tumemaliza. Akasema fimbo peke yake haitoshi, udongo haupitishi umeme wa kutosha kuangusha breka ya kawaida. Akatia kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja, cha miliampea 30. Tulipowasha oveni kikaruka papo hapo, kikaruka tena, mpaka alipobadilisha koili ndipo kikatulia. Kina kitufe cha kujaribia. Mimi hukibonyeza kila mwezi unapoandama.

Wanangu mafundi, mkikuta soketi haina ethi, mwambieni mwenye nyumba, na ethi iwekwe kwanza, hata kama oveni itangoja mpaka baada ya Idi. Na nyinyi wenye maduka ya mitumba ya Wete na Chake, mtu akinunua oveni msomeeni wati zilizoandikwa mgongoni, na mmwambie kabisa kwamba itataka laini yake.

Kipande cha uzi kilichokatwa bado ninacho, nimekifunga kwenye msumari juu ya swichi. Fundi yeyote akija jikoni kwangu humwonesha kwanza hicho.

Mchoma mikate,
Limbani, Wete, Pemba