Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira, Kaunti ya Taita Taveta: tuletewe kumbukumbu za ua la Mbololo

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Wundanyi. Nakuandikia kuhusu ua dogo ambalo kwao porini ni msitu wa Mbololo tu. Wataalamu walilipa jina Saintpaulia teitensis mwaka 1958, na hilo neno la pili ni Taita yetu.

Asiyelijua atalipita. Hujishikiza kwenye mwamba wenye unyevu, pale kivuli cha miti mikubwa hakiondoki mchana kutwa. Majani yake ni manene, yana vinyweleo, na ua ni la zambarau lenye manjano katikati. Miti ya juu yake ikikatwa, jua huliunguza hata kama hakuna aliyeligusa.

Kule Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, kuna Hebaria ya Afrika Mashariki, hazina ya mimea iliyokaushwa iliyoanzia Amani, Usambara, mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950. Mmea hubanwa katikati ya magazeti mpaka ukauke, kisha hugandishwa kwenye karatasi nene. Pembeni hubandikwa lebo: nani aliuchuma, lini, wapi, mwinuko gani, ulimea juu ya nini. Rangi ya ua hufifia, lakini neno "zambarau" kwenye lebo linabaki. Kwangu mimi lebo ile ina thamani kuliko hata mmea wenyewe, maana ni ushahidi kwamba siku ile, mahali pale, ua lilikuwapo.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni kaunti iombe rasmi nakala za lebo zote za ua hili na kuziweka ofisini kwako. Watakaotafuta watumie majina mawili, kwa sababu siku hizi wataalamu huliita pia Streptocarpus teitensis. Ukitumia moja utakosa sehemu ya kumbukumbu. Kisha walinzi wa msitu na wanajamii wapande mlima wa Mbololo, waangalie mahali pamoja baada ya pengine. Lebo nyingi za zamani hutaja mlima tu bila vipimo vya mahali hasa, kwa hiyo wazee waende nao. Wao ndio wanaojua kijito kipi kiliitwaje.

Vipimo kamili visitangazwe hadharani. Wapo watakaokuja na mifuko. Wala using'olewe hata mche mmoja: jani moja likichomekwa udongoni huotesha miche, na kitalu kinaweza kuanzia hapo.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la kutekeleza sera za uhifadhi wa mazingira, misitu ikiwemo, kwa hiyo hili lipo mezani pako. Naomba jibu kabla ya mvua za vuli, kwa kuwa njia ya Mbololo huteleza sana zikishaanza, na ningependa kupanda mlima na watu wako.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Wundanyi